Titi lililoletwa ndani ya ndoo

Mimi ni daktari wa patholojia hapa Mwanza. Mgonjwa mwenyewe huwa simwoni, naletewa kinyama chake, yaani kipande kilichokatwa mwilini mwake. Swali la "Dokta, nitapona?" humfikia mwenzangu wa wodini, lakini sehemu kubwa ya jibu naisoma mimi kwenye darubini: uvimbe una ukubwa gani, umefika kwenye tezi ngapi za kwapani, seli zake zinagawanyika kwa kasi gani.

Hayo wengi wameyasikia. Kisichosemwa sana ni vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea homoni. Saratani nyingi za titi hulishwa na homoni ya estrojeni. Zikiwa na vipokezi vyake, mgonjwa hupewa tamoksifeni, kidonge cha kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Ni dawa ya zamani, ya bei nafuu, na kwa wagonjwa hao hupunguza vifo vya saratani hiyo kwa karibu theluthi moja katika miaka 15 ya mwanzo.

Ila ili nivione vipokezi hivyo, kinyama kinatakiwa kiingie kwenye fomalini, dawa ya maji inayozuia nyama isioze, ndani ya saa moja tangu kikatwe. Kuna siku nililetewa titi zima kutoka ng'ambo ya ziwa, limetumbukizwa kwenye ndoo bila kupasuliwa. Fomalini hupenya taratibu, kama milimita moja kwa saa. Nje limekaza vizuri, katikati limeoza. Kipimo kikasema vipokezi hakuna. Sikukiamini. Nikakata ukingoni mwa uvimbe, palipokaza, nikarudia: vipo, tena vingi. Mama yule alikuwa anakosa dawa yake kwa sababu ya ndoo.

Madaktari wenzangu wa upasuaji, nawaomba: lipasueni titi kabla ya kulitumbukiza, fomalini iwe mara 10 ya ujazo wa nyama, na andikeni saa mliyokata.

Nanyi ndugu wa mgonjwa mnaokabidhiwa kikopo chenye kinyama, kileteni siku hiyohiyo au kesho yake. Zikizidi saa 72 ndani ya fomalini, kipimo huanza kuharibika pia. Wa Sengerema, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, hamsubiri tena kivuko pale. Wa Ukerewe bado mnavuka kwa maji, najua. Basi kikopo kisilale kabatini kikingoja nauli. Mwambieni daktari aliyewapa, mapema, kwamba nauli hamna, ili kitafutiwe njia nyingine ya kunifikia.