Farasi namba 4 hana zamu

“Mjomba, namba 4 hajashinda tangu asubuhi, sasa ni zamu yake.” Mpwa wangu, kijana wa chuo, aliniambia hivyo wikiendi ya Idd kwenye kibanda cha kubeti Manzese, kashika elfu tano ya nauli.

Hakuna zamu. Wale farasi wa kwenye skrini ni picha tu. Kompyuta huchagua mshindi kwa bahati nasibu, na mbio zilizopita hazihesabiki.

Kinachomla mtu ni malipo. Tuseme farasi ni 6, nafasi zao sawa, kila mmoja analipa mara 5. Weka elfu moja kwa kila farasi: umetoa 6,000, unarudishiwa 5,000. Elfu moja imebaki dirishani, na mbio nyingine zinaanza baada ya dakika chache.

Nauli ya kijana iliisha kabla ya alasiri.