Je, wajua kwa nini msikiti wa New York unaelekea kaskazini mashariki?

Kwenye makutano ya Mtaa wa 96 na Third Avenue, Manhattan, kuna msikiti uliofunguliwa mwaka 1991 ambao haukukaa sawa na majirani zake. Mitaa ya eneo hilo imepangwa kwa mistari iliyonyooka na majengo yameifuata, lakini msikiti huu umezungushwa digrii 29 ili uelekee Kaaba. Upande uliochaguliwa ndio unaowashangaza wengi. New York iko karibu digrii 41 kaskazini mwa ikweta, Makka iko digrii 21 tu. Ukitandaza ramani ya dunia mezani, Makka inaonekana mashariki, tena kwa kushuka kidogo kusini. Waumini wa pale wanaelekea kaskazini mashariki, digrii 58 kutoka kaskazini. Imamu akisimama mbele yao anatazama upande iliko Kanada.

Kabla ya kufika huko, kuna kauli moja inayopaswa kuondolewa njiani: kwamba Waislamu huswali wakielekea mashariki. Inasikika sana, hata kwa watu waliosoma, na kwa mkazi wa pwani ya Afrika Mashariki ni kauli ya ajabu, kwani hapa kibla ni kaskazini. Dar es Salaam, Mombasa na Makka zote ziko karibu na longitudo ya 39 au 40, kwa hiyo anayeswali Kariakoo anaelekea kaskazini karibu kabisa; tofauti ni kama digrii moja. Msikiti wa kale wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria (1107) kwenye mihrabu yake, unatazama kaskazini. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani vilevile. Ukienda bara hadi Kigoma au Bujumbura, unageuka kiasi cha digrii 20 kutoka kaskazini kuelekea mashariki. Muscat wanaelekea magharibi. Jakarta ni kaskazini magharibi. Na Madina kwenyewe, katika mji wa Mtume, kibla ni kusini.

Madina inatosha kulimaliza jambo hili. Waislamu wa kwanza waliswali wakielekea Yerusalemu, ambako Wayahudi nao huelekea katika sala zao. Mwaka wa pili wa Hijria, yaani mnamo 624, ikashuka amri ya kuelekea Msikiti Mtakatifu wa Makka; iko katika Sura Al-Baqara, aya ya 144. Yerusalemu iko kaskazini mwa Madina na Makka iko kusini, hivyo waumini waligeuka karibu nusu duara. Mashariki haikuhusika kabla wala baada. Desturi ya kuelekea mashariki ni ya Ukristo wa kale, na makanisa mengi ya zamani yalijengwa altare ikiwa upande wa macheo. Katika Uislamu kinachoelekewa ni mahali, na mahali pamoja hupatikana kila upande kutegemea mtu amesimama wapi.

Sasa turudi New York. Chukua chungwa, na kikonyo chake kiwe Ncha ya Kaskazini. Choma vijiti viwili vya meno kwenye nusu ya juu, vyote kwa kimo kimoja, kimoja upande huu na kingine mbali kidogo kwa kuzunguka. Funga uzi kwenye kijiti cha kwanza, uvute hadi cha pili, kisha uukaze. Uzi hautatulia kwenye kimo kile kile. Utateleza kupanda upande wa kikonyo, maana kule juu mzunguko wa chungwa ni mdogo na njia inakuwa fupi zaidi. Sasa tazama pale uzi unapoanzia: unaondoka kwenye kijiti ukipanda, ingawa kijiti cha pili hakiko juu zaidi. Sogeza vijiti mpaka vitazamane pande mbili za chungwa, na uzi utapita juu ya kikonyo chenyewe. Mtu aliyesimama kwenye kijiti cha kwanza atalazimika kuelekea kaskazini kabisa ili amtazame mwenzake. Hali ya Alaska inakaribia hiyo: Anchorage, kibla ni kaskazini, kwa kuinama kidogo magharibi.

Mtu akitoka New York na kwenda mbele bila kugeuka hata mara moja, atapita Nova Scotia, ataingia Atlantiki, na katikati ya bahari, karibu na latitudo ya 50, dira itamwonyesha kwamba anakwenda mashariki sawasawa. Baada ya hapo ataanza kushuka: Ufaransa, Bahari ya Mediterania, Misri, hadi aingie Makka akiwa anaelekea kusini mashariki. Hajapinda popote. Safari nzima ni kama kilomita 10,300. Angefuata mstari ulionyooka wa kwenye ramani angeongeza zaidi ya kilomita 600, na kila hatua angekuwa anajigeuza kidogo ili dira isimame pale pale.

Ramani hiyo inayotupotosha ina heshima yake. Gerardus Mercator aliichora mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia, ili nahodha anayeshika upande mmoja wa dira aone njia yake kama mstari ulionyooka. Kwa kazi hiyo ni chombo bora. Ila ili ifanye kazi hiyo, lazima inyooshe kisichonyooka na kupinda kilichonyooka, na kwa kibla cha New York tofauti inazidi digrii 40.

Wanazuoni wa Kiislamu walilijua hili karne nyingi kabla ya Mercator, na kwangu hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Al-Biruni alikamilisha mwaka 1025 kitabu kizima cha kupima umbali na mahali pa miji, na shabaha yake mojawapo ilikuwa kukipata kibla cha Ghazna, mji ulioko Afghanistan ya leo. Katika karne ya 14, al-Khalili wa Damascus alitengeneza jedwali la kibla kwa maelfu ya sehemu, digrii kwa digrii, akitumia hesabu za tufe.

Hata hivyo si kila msikiti wa kale ulifuata hesabu. Msikiti Mkuu wa Córdoba, Hispania, unaelekea kusini zaidi ya inavyotakiwa. Wapo wanaosema ulifuata mitaa ya Kirumi iliyokuwapo, wapo wanaosema wajenzi walitaka uwe sambamba na kuta za Kaaba yenyewe. Ushahidi uliobaki hautoshi kuamua.

Mjadala uliibuka upya Marekani. Kituo cha Kiislamu cha Washington, kilichozinduliwa mwaka 1957, kilipokuwa kinajengwa, baadhi ya Waislamu walishangaa kuona kinaelekea kaskazini ya mashariki. Hesabu ilikuwa sahihi: digrii 56 na nusu. Miaka ya baadaye misikiti mingine Amerika Kaskazini ilichagua upande wa ramani, na hoja zao zina msingi, kwa kuwa kuna hadithi isemayo kwamba baina ya mashariki na magharibi ni kibla, na wanazuoni wengi wanaona kuuelekea upande kwa jumla kunatosha. Indonesia nayo, mwaka 2010, baraza la maulamaa lilitoa fatwa kwamba kibla cha nchi hiyo ni magharibi, kisha mwaka huo huo likairekebisha kuwa kaskazini magharibi.

Anayetaka kuhakikisha mwenyewe hahitaji ramani wala simu. Kila mwaka, karibu na Mei 28, saa sita na dakika 18 mchana kwa saa za Makka, ambazo ndizo saa zetu za Afrika Mashariki, jua husimama juu ya Kaaba. Hurudia karibu na Julai 16, saa sita na dakika 27. Yeyote anayeliona jua dakika hiyo, awe London au Jakarta, akilielekea ameielekea Kaaba. New York wakati huo bado ni alfajiri na jua halijachomoza, kwa hiyo Amerika hutumia siku nyingine: Novemba 28, jua linapokuwa juu ya sehemu ya Pasifiki iliyo kinyume kabisa na Makka. Ni saa kumi na dakika 9 jioni kwa saa za New York, ambako jua liko chini sana, lakini Chicago ni saa tisa na dakika 9 alasiri na kivuli kinaonekana vizuri. Simamisha fimbo wima mahali peupe. Kivuli chake kitalala kuelekea kaskazini mashariki, na huko ndiko kibla.