Unene wa kupindukia: maana yake, na namna chakula kinavyouleta

Unene wa kupindukia ni hali ya mwili kuhifadhi mafuta mengi kiasi cha kuhatarisha afya. Jambo la msingi hapo ni mafuta, si ukubwa wa umbo. Hamali wa soko la Marikiti hapa Mombasa anayesukuma mkokoteni tangu alfajiri anaweza kuwa mzito kwenye mizani kwa sababu ya misuli na mifupa mipana, na asiwe na tatizo lolote. Mwingine ana mikono myembamba na uso mdogo, lakini kiuno kimejaa, na huyo ndiye wa kumwonea wasiwasi.

Kipimo cha kwanza kliniki ni uwiano wa uzito na urefu, ambao wengi wanaujua kwa jina la BMI. Uzito kwa kilo unagawanywa kwa urefu kwa mita, kisha jibu linagawanywa tena kwa urefu uleule. Mama wa mita 1.60 mwenye kilo 77 anapata 30. Shirika la Afya Duniani linahesabu 25 hadi chini ya 30 kuwa uzito uliozidi, na 30 kwenda juu kuwa unene wa kupindukia. Hesabu hii ilianza na Adolphe Quetelet, mtaalamu wa takwimu wa Ubelgiji, katika karne ya 19. Yeye alikuwa anatafuta wastani wa watu wengi, si afya ya mtu mmoja, na ndiyo maana haitoshi peke yake. Haisemi mafuta yamekaa wapi, na mahali yalipokaa ni muhimu sana: mafuta ya ndani ya tumbo, yanayozunguka ini na utumbo, ndiyo yanayoandamana zaidi na kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Kwa hiyo chukua utepe wa fundi wa nguo ujipime kiuno. Mwanamke akifika sentimita 80 na mwanamume akifika 94, ni wakati wa kuangalia mambo. Kwa majirani zetu wenye asili ya Bara Hindi, ambao ni wengi hapa Mombasa, hatari huanza mapema zaidi. Mwaka 2004 wataalamu wa Shirika hilo walipendekeza kwamba kwa watu wa Asia hatua zianze kuchukuliwa kwenye BMI ya 23.

Unene wenyewe unakujaje? Chakula kina nishati, na nishati hupimwa kwa kalori. Gramu moja ya wanga au ya protini ina kalori 4, gramu ya mafuta ina 9. Mwili unazitumia kupumua, kusukuma damu, kujipa joto, kutembea na kufanya kazi. Zinazobaki huwekwa akiba kama mafuta, na kilo moja ya mafuta ya mwilini ni akiba ya kalori zipatazo 7,700. Kwa hiyo anayeingiza zaidi ya anachotumia, siku baada ya siku, atanenepa.

Hesabu hiyo ni ya kweli, ila watu wengi huishia hapo na kutoa hukumu: mnene ni mlafi, au ni mvivu. Hukumu hiyo siikubali, na takwimu haziikubali vilevile. Kati ya mwaka 1990 na 2022 unene wa kupindukia kwa watu wazima duniani uliongezeka zaidi ya mara mbili, na kufikia mwaka 2022 mtu mmoja kati ya wanane duniani alikuwa nao. Hapa Kenya, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulikuta mwanamke mmoja kati ya watatu wa umri wa miaka 15 hadi 49 ana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Haiwezekani watu wa mabara yote wawe wamepoteza nidhamu kwa pamoja ndani ya miaka thelathini. Wala si jeni, yaani maumbile tunayorithi kwa wazazi. Jeni zina nguvu kubwa katika kuamua nani atanenepa upesi kuliko nduguye wanayekula sahani moja, lakini jeni hazibadiliki katika kizazi kimoja. Kilichobadilika ni chakula kinachotuzunguka, na namna kinavyocheza na shibe yetu.

Tuanze na hamri, kwa sababu ndilo tunaloamka nalo. Nikikadiria hamri moja la ukubwa wa kawaida, lina unga wa ngano kama gramu 30, sukari kama gramu 5, tui la nazi kidogo, na mafuta yaliyonyonywa wakati wa kukaanga, tuseme gramu 5. Unga unatoa kalori kama 105, sukari 20, tui 20, mafuta 45. Jumla ni karibu 190. Angalia kwamba mafuta, ambayo hata huyaoni kwa macho, yametoa kiasi cha robo ya nishati yote. Na karai lisipopata moto wa kutosha, hamri hukaa ndani muda mrefu na kunyonya zaidi. Ndiyo yale mahamri yanayoacha alama kwenye gazeti yalilofungiwa. Sasa mtu akila manne, pamoja na bakuli la mbaazi za nazi na kikombe cha chai ya maziwa chenye vijiko vitatu vya sukari, amepita kalori 1,000 kabla ya saa tatu asubuhi. Mwanamke mzima wa kawaida anahitaji kama 2,000 kwa siku nzima.

Lakini mahamri na mbaazi si kitu kipya. Nyanya zetu wa Mji wa Kale waliyapika na kuyala, na wengi wao hawakuwa na unene huu wa leo. Siwezi kukubali mtu aseme vyakula vya Pwani ndivyo vilivyotuponza. Kilichobadilika ni vile vinavyofuata baada ya kiamshakinywa hicho, kuanzia saa nne hadi usiku.

Kwanza, mafuta ya kupikia yako kila mahali. Mafuta ghafi ya mawese yanaletwa kwa meli kutoka Malaysia na Indonesia, yanapakuliwa bandarini hapahapa Kilindini, yanasafishwa, kisha yanafika dukani ambako unaweza kununua hata kipimo cha shilingi chache. Hata bei inapopanda, kipimo kinapungua tu, kukaanga hakukomi. Kwa hiyo jioni, kuanzia Mwembe Tayari hadi Kisauni, kila kona ina karai: viazi karai, bhajia, sambusa, muhogo wa kukaanga, chipsi. Zamani vitu vya kukaanga vilikuwa na wakati wake, hasa mwezi wa Ramadhani na siku za shughuli. Leo ni chakula cha kawaida cha mtu anayerudi kazini amechoka, na mara nyingi ndicho cha bei rahisi kilicho karibu naye.

Pili ni vinywaji, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye makosa makubwa tusiyoyaona. Soda ya kawaida ina sukari ya gramu 10 na zaidi kidogo kwa kila mililita 100. Chupa ya nusu lita inapita gramu 50, karibu vijiko 13 vya chai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilisema sukari inayoongezwa kwenye chakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani gramu 50 hivi kwa mtu mzima, na kwamba ikishuka hadi gramu 25 ni bora zaidi. Chupa moja tu imemaliza posho yote. Juisi ya muwa haina nafuu, na ya ukwaju au embe iliyotiwa sukari kwa mkono wa ukarimu ni vilevile, hata kama imetengenezwa nyumbani kwa upendo. Tatizo la kalori za kunywa ni kwamba hazishibishi. Mtu akila embe zima anatafuna, nyuzinyuzi zinajaza tumbo, anatosheka. Akinywa glasi ya juisi ya maembe matatu, bado wali anaukaribia kana kwamba hakutia kitu kinywani.

Tatu ni vyakula vya viwandani: biskuti, krispi, tambi za pakiti, soseji, smoki zinazouzwa kwenye vigari vya barabarani. Kuhusu hivi kuna jaribio ninalolithamini sana. Mwaka 2019, Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani walitangaza matokeo ya watu wazima 20 waliokaa kituoni mwao wiki nne. Kwa wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana, na wiki mbili nyingine vyakula visivyosindikwa hivyo. Milo iliyowekwa mezani ililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu aliruhusiwa kula kiasi apendacho. Walipokuwa kwenye vyakula vya viwandani walikula kalori zipatazo 500 zaidi kwa siku, na wakaongezeka kiasi cha kilo 0.9 ndani ya wiki mbili. Kwenye vyakula vingine walipungua kiasi hichohicho. Watu ni walewale, hiari yao ni ileile. Walikula upesi zaidi kile kilicho laini, na habari ya shibe ikachelewa kufika.

Shibe ni kazi ya mwili, si ya nia peke yake. Tumbo likitanuka na chakula kikafika utumboni, homoni, yaani kemikali zinazopeleka habari mwilini, hutolewa kuuarifu ubongo, na hilo huchukua kama dakika ishirini. Protini na nyuzinyuzi huongeza ile shibe. Unga mweupe, sukari na mafuta vikiwa pamoja huliwa kwa wingi kabla shibe haijafika. Kuna pia homoni ya leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake huko New York, ambayo hutoka kwenye mafuta yenyewe na kuueleza ubongo akiba ilivyo. Mtu akikonda, leptini inashuka, njaa inapanda, na mwili unaanza kubana matumizi. Mwili haujui kwamba umekusudia kupungua. Unaona njaa imeingia nchini. Ndiyo sababu mtu anafunga kula wiki tatu, anapungua kilo tano, kisha kilo zinarudi zote, naye anajiona hana msimamo. Nawaomba wanaopitia hayo wasijilaumu. Hata dawa mpya kama semaglutide, iliyoidhinishwa Marekani kwa ajili ya uzito mwaka 2021, hufanya kazi kwa kuiga homoni ya shibe, na wengi wanaoiacha hurudia uzito wao.

Sababu nyingine zipo na nitazipitia kwa ufupi. Tunatembea kidogo kuliko zamani. Tuktuk na bodaboda zinamtoa mtu mlangoni kwake hadi mlangoni aendako. Kutembea kuna faida kubwa kwa moyo na sukari ya damu, ila mtu wa kilo 70 anatumia kalori kama 50 au 60 kwa kilomita moja, kwa hiyo ile chupa ya soda inadai kilomita nne hivi. Kutolala vya kutosha huongeza njaa. Baadhi ya dawa huongeza uzito, na sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu hufanya hivyo kwa baadhi ya wanawake; zungumza na muuguzi kabla ya kuiacha.

Na kuna macho ya watu. Kwetu, mke akinenepa baada ya ndoa, husemwa amenawiri, mume anamtunza. Akipungua, shoga zake wanamvuta kando: "Mwenzetu, una nini?" Katika miaka ambayo UKIMWI ulitisha kila mtaa, kukonda kulikuwa shutuma. Hofu hiyo haijaisha, na inamzuia mwanamke aliyeambiwa na daktari apunguze uzito asithubutu kuonekana anapungua.

Unene na utapiamlo pia huweza kukaa pamoja. Kilifi, kaunti jirani, utafiti wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya theluthi ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Mtoto aliyekosa lishe tumboni au utotoni, kisha akakua na kupata vyakula vya mafuta na sukari, yuko katika hatari kubwa zaidi ya kisukari. Nyumba moja inaweza kuwa na mtoto aliyedumaa na mama mwenye unene wa kupindukia, na wote wawili wamekosa kitu kilekile: chakula chenye virutubisho.

Anayetaka kubadilisha hahitaji vyakula vya kigeni. Sahani ya Pwani inatosha ikipangwa upya: mchicha au mnavu uchukue nusu, samaki wa kuchoma au mchuzi, mbaazi au kunde wachukue robo, wali upate robo iliyobaki. Nazi ibaki, ila tui jepesi badala ya zito. Hamri lisifutwe; liwe moja au mawili, na chai ipunguzwe kijiko kimoja cha sukari mwezi huu, kimoja mwezi ujao. Maji au dafu badala ya soda.

Jihadhari na zile chai za kupunguza tumbo zinazouzwa madukani na kwenye simu. Nyingi zina sanamaki, dawa inayomfanya mtu aharishe, nayo hufanya kazi kwenye utumbo mpana, baada ya utumbo mwembamba kumaliza kufyonza karibu kalori zote. Mizani itaonyesha umepungua kilo mbili kwa sababu umepoteza maji, na mafuta ya kiunoni yako palepale. Ukiitumia kwa muda mrefu, unapoteza chumvi za mwili ambazo moyo unazihitaji. Fedha hiyo ipeleke zahanati ukapimwe sukari na shinikizo la damu.