Kigari cha mtoto: safari ya kurudi machoni pa mama

Kigari cha mtoto kinachokumbukwa kuliko vyote vya kale kilitengenezwa Uingereza mwaka 1733. Duke wa Devonshire, mwenye kasri la Chatsworth, alimpa kazi hiyo William Kent, msanifu wa majumba na bustani, naye akakipamba kama anavyopamba majumba. Kiti kilikuwa na umbo la kombe la baharini, kikashikiliwa na nyoka, nembo ya ukoo wa Duke, na chini kukawekwa springi za kupunguza mtikisiko. Mpini wa kusukumia hakukuwa. Kilivutwa na mbuzi au farasi mdogo.

Wengi hushangazwa na mbuzi. Kinachonigusa mimi ni mahali alipokaa mtoto: nyuma ya anayemvuta. Hata vigari vya baadaye vilivyovutwa na watu vilirithi kasoro hiyo. Mama aliyembeba mwanawe kwa mbeleko hamwoni, lakini anamsikia mgongoni, joto lake na pumzi zake, hata akijinyoosha tu anajua. Anayevuta kigari hamwoni wala hamsikii. Mtoto akichungulia pembeni na kudondoka, habari huja kwa kilio.

Mwaka 1848 huko New York, Charles Burton aliuhamishia mpini nyuma, kigari kikawa cha kusukuma. Wapita njia waliogongwa walilalamika, naye akahamia Uingereza, ambako vigari vya aina hiyo vilipendwa, Malkia Victoria akiwa miongoni mwa wanunuzi. Sasa mlezi aliona kofia ya mtoto. Uso bado.

Uso ulitokana na William H. Richardson wa Baltimore, Mmarekani mweusi, aliyepata hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, nambari 405,600 tarehe 18 Juni 1889. Aliweka kiungo maalumu chini ya kikapu, hivyo kikapu kiligeuzwa bila kugeuza kigari kizima: mtoto atazame barabara, au amtazame mama. Kwa maoni yangu hakuna aliyekifikiria kigari kwa upendo kuliko yeye. Pia aliyaacha magurudumu yazunguke kila moja peke yake, ndipo kigari kikaweza kukata kona mahali pembamba.

Ukikuta leo dukani kigari chenye kiti cha kugeuza, inama uangalie chini ya kiti. Kazi inayofanyika pale ndiyo ile aliyoibuni Richardson.