Nchi ya Furaha Isiyotabasamu: Dhana Potofu kuhusu Wadenmark

Mwezi uliopita mama mmoja Mkongo, aliyepokelewa Odense akitokea kambi ya wakimbizi nchini Rwanda, aliniuliza swali ambalo sasa ninalijua kabla muulizaji hajalimaliza. Kwa muda wa miezi minane amekuwa akipanda basi lilelile kila asubuhi, pamoja na abiria walewale, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumtupia salamu. "Hawa ndio mnaosema wana furaha kuliko watu wote duniani?" Huu ni mwaka wangu wa kumi na sita wa kuwaelekeza wageni wanaozungumza Kiswahili nchini Denmark, na swali hili limenichosha, pamoja na jibu ambalo kwa kawaida muulizaji huwa ameshajipatia mwenyewe, kwamba takwimu za Ripoti ya Furaha Duniani, zinazowaweka Wadenmark karibu na kilele, zimepikwa na serikali. Swali si la kijinga. Linanichosha kwa kuwa kosa limo katika neno moja, furaha, ambalo sisi wenyewe tumelitafsiri vibaya, na tunalirudia kila mwezi wa Machi ripoti mpya inapotoka.

"Wadenmark ni watu wachangamfu kuliko wote"

Hakuna aliyewahi kuupima uchangamfu wao na kuupa nafasi ya kwanza. Ripoti ya Furaha Duniani ilianza kutolewa mwaka 2012, baada ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kupitisha, Julai 2011, azimio lililopendekezwa na Bhutan la kuzihimiza serikali ziipe furaha ya watu uzito zaidi katika mipango yao. Orodha ya nchi inayonukuliwa na magazeti hutokana na swali moja tu, ambalo shirika la Gallup huwauliza watu wapatao 1,000 katika kila nchi kwa mwaka, kisha majibu ya miaka mitatu hutafutiwa wastani. Swali hilo lilibuniwa na mwanasaikolojia Mmarekani, Hadley Cantril, katika miaka ya 1960. Mhojiwa huambiwa afikirie ngazi yenye vidato kuanzia sifuri chini hadi kumi juu. Kidato cha juu kabisa ni maisha bora kuliko yote anayoweza kuyapata yeye, cha chini kabisa ni maisha mabaya kuliko yote, naye aseme leo amesimama kidato cha ngapi. Basi. Haulizwi kama anatabasamu, kama anaimba bafuni, wala kama huwasalimu abiria wenzake. Wastani wa Wadenmark huwa karibu 7.5.

Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu hata watu wenye shahada huniambia kwamba orodha hiyo hukokotolewa kwa kujumlisha pato la taifa, umri wa kuishi, rushwa na kadhalika. Sivyo. Mambo sita yanayotajwa katika ripoti, yaani pato la kila mtu, miaka ya kuishi kwa afya njema, kuwa na mtu wa kumtegemea wakati wa shida, uhuru wa kujiamulia maisha, ukarimu na kiwango cha rushwa, hutumiwa na watafiti baadaye kueleza kwa nini nchi zinatofautiana. Hayaingii katika alama yenyewe. Alama ni jibu la mhojiwa, na hakuna mtaalamu aliyeketi mezani kulirekebisha.

Gallup hiyohiyo huuliza pia kuhusu jana: je, jana ulicheka au kutabasamu sana, ulijihisi umepumzika vya kutosha, ulitendewa kwa heshima? Katika maswali hayo walioongoza kwa miaka mingi ni watu wa Amerika ya Kilatini, hasa wa Paraguay, wala si Wadenmark. Kwa hiyo anayefika Denmark na kuona kwamba watu hawacheki ovyo hajafichua uongo wowote. Ameona kwa macho yake kile ambacho takwimu zenyewe zinakisema.

Tatizo letu ni neno furaha. Kwa Mswahili, furaha ina sauti: ni vigelegele vya arusi, ni mlango uliojaa viatu vya wageni siku ya Idi, ni watoto wanaomkimbilia mjomba aliyerudi safari. Wadenmark wanalo neno la furaha kubwa, lykke, ambalo hawalitumii kila siku, na wanalo neno tilfreds, lenye maana ya kuridhika, ambalo ndani yake mna neno fred, yaani amani. Tafiti za maoni ya watu wa Ulaya ziitwazo Eurobarometer, zilizoanza mwaka 1973, mwaka uleule ambao Denmark ilijiunga na Jumuiya ya Ulaya, zimekuwa zikiwauliza watu kama wameridhika na maisha yao, na miaka nenda miaka rudi karibu theluthi mbili ya Wadenmark wamejibu kwamba wameridhika sana. Kama magazeti yetu yangeandika kwamba Wadenmark ni miongoni mwa watu walioridhika zaidi na maisha yao, yule mama asingekuwa na sababu ya kushangazwa na basi lililonyamaza.

Wameridhika na nini, basi? Nijuavyo mimi, Mdenmark anapoulizwa yuko kidato cha ngapi, hutazama chini kabla ya kutazama juu, na huko chini haoni shimo. Akipoteza kazi, na ikiwa amekuwa akichangia mfuko wa bima ya ukosefu wa kazi, unaoitwa a-kasse, atalipwa dagpenge, yaani posho ya asiye na kazi, kwa muda wa hadi miaka miwili. Akilazwa hospitali, hataletewa ankara. Mwanawe akiingia chuo kikuu, hakuna ada ya kutafutwa, na mwanafunzi huyo, ikiwa haishi na wazazi, atapewa na serikali posho ya kujikimu inayozidi krona 6,000 kwa mwezi kabla ya kodi. Wiki ya kazi kwa kawaida ni ya saa 37, na likizo ya wiki tano kwa mwaka imo katika sheria. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachoweza kumchekesha mtu ndani ya basi saa moja asubuhi; vinachofanya ni kumpunguzia hofu. Mwaka 2019, Tanzania ilipokuwa ya 153 kati ya nchi 156, wapo walionipigia simu kwa hasira, wakisema Watanzania hucheka tangu alfajiri hadi usiku. Ni kweli, hucheka. Lakini mtu wa Tanga anayecheka barazani na jirani zake kila jioni anaweza kujibu nne bila kujipinga, kwa kuwa anajua vyema kwamba ugonjwa mmoja wa mwenye nyumba unaweza kuuza shamba.

Ukimya wenyewe pia husomwa vibaya. Kwetu asiyesalimu ana kinyongo au hana adabu. Kwao, kumwacha mtu usiyemjua na mawazo yake ndiyo adabu. Abiria haohao wasiokutazama usoni ndio wanaowaacha watoto wao wachanga wamelala ndani ya vigari nje ya mkahawa, wazazi wakiwa ndani wanakunywa kahawa, na hakuna anayehofu kwamba mtoto ataibwa. Mwaka 1997 mama mmoja wa Kidenmark alifanya hivyo New York, akakamatwa na polisi, na watu wa kwao hawakuelewa kosa lake ni lipi. Ukitoka nje ya mji utakuta kandokando ya barabara vibanda vya viazi na stroberi visivyo na muuzaji: unachukua, unaacha pesa kwenye kikopo au unalipa kwa simu, unakwenda zako. Kwa mtu aliyekulia Goma au Kariakoo, hilo ni jambo la ajabu kuliko tabasamu lolote, na ndilo ningependa wateja wangu walitazame wanapotafuta siri ya vile vidato.

Sisemi kwamba ubaguzi haupo, wala kwamba sheria za uhamiaji za Denmark ni laini. Ni kali, na zimezidi kukazwa. Wala sisemi kwamba urafiki na Wadenmark ni rahisi, kwa kuwa wengi wao wana marafiki walewale tangu shule ya msingi na hawaoni pengo linalohitaji kuzibwa. Ndiyo maana ushauri wangu, ambao wateja wangu wameuchoka kama nilivyolichoka swali lao, ni mmoja: jiunge na forening, yaani chama au klabu, iwe ya mpira wa mikono, kwaya, bustani, au wapenda njiwa ukitaka. Sheria inazitaka manispaa kuvisaidia vyama hivyo kwa ruzuku na kumbi, na humo ndimo Mdenmark aliyekaa kama jiwe kwenye basi anapoanza kuzungumza hadi ukatamani anyamaze. Ukikaa nyumbani ukingoja kualikwa chai, utazeeka. Na siku utakapoalikwa chakula cha jioni, mwaliko utakuja wiki tatu kabla ukiwa na tarehe na saa. Fika kwa saa hiyo, si nusu saa baadaye ukiwa na hadithi ya foleni za magari.

"Denmark kila kitu ni bure"

Kinacholipiwa kwa kodi hakiwi bure, na kodi yenyewe si ya mzaha. Mshahara hukatwa kwanza mchango wa soko la ajira wa asilimia 8, kisha kodi ya manispaa, ambayo kwa wastani ni karibu asilimia 25, kisha ya serikali kuu. Unachobaki nacho kitakutana dukani na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 25, ambayo haisamehe hata mkate na maziwa. Chekechea hulipiwa na wazazi hadi robo ya gharama. Daktari wa meno, kwa mtu mzima, hulipiwa sehemu kubwa na mgonjwa mwenyewe, na wengi hugundua hilo jino likiwa limeshavimba. Dawa za kuandikiwa nazo huchangiwa. Na wewe unayeniandikia kutoka Nairobi au Mwanza kwamba unakuja kusoma bure, tafadhali soma sentensi hii mara mbili: tangu 2006 wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya hutozwa ada ya chuo kikuu, na ile posho ya wanafunzi haiwahusu.

"Siri ni hygge"

Hapana. Hygge ni kukaa kwa utulivu na watu uliowazoea, mishumaa ikiwaka, bila mabishano na bila mtu mmoja kutaka kuwa mkubwa wa kikao. Ni jambo zuri, na Desemba, jua linapochomoza baada ya saa mbili na nusu asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni, ni jambo la lazima. Neno hilo lilivuma duniani mwaka 2016 kwa sababu wauza mishumaa, soksi na blanketi walipata njia ya kuuza. Sisi wenye baraza, kahawa na kashata hatukuhitaji kufundishwa. Ukitaka jambo la maana la kufanya wakati wa giza, meza vitamini D: Mamlaka ya Afya ya Denmark inawashauri watu wenye ngozi nyeusi watumie mikrogramu 10 kila siku.

"Ni matajiri tu" na "ni nchi ya ujamaa"

Dhana hizi mbili huja kutoka kwa watu tofauti, nami hupenda kuwaweka wenyewe kwa wenyewe wabishane. Wapo walio matajiri zaidi, kama Luxembourg na Qatar, ambao kwa kawaida huwa chini ya Denmark katika orodha ile. Na nyumba nyingi za Kidenmark zina mikopo mikubwa kulingana na kipato, kwa viwango vilivyo kati ya vya juu kabisa duniani, hivi kwamba rafiki yangu mmoja huwaita Wadeni na kudai kwamba hajakosea. Kuhusu ujamaa, Tanzania ilikuwa kwa muda mrefu mmoja wa wapokeaji wakubwa wa misaada ya Denmark, na wazee wengine bado wanaamini tulikuwa wa itikadi moja. Mwaka 2015 Waziri Mkuu Lars Løkke Rasmussen, akizungumza katika Chuo Kikuu cha Harvard, alieleza wazi kwamba nchi yake ni ya uchumi wa soko, na iko mbali na uchumi wa kijamaa unaopangwa na serikali. Mwajiri humwachisha mtu kazi bila taabu kubwa. Hata kima cha chini cha mshahara hakimo katika sheria. Mishahara hupatanwa kati ya vyama vya wafanyakazi na waajiri, kwa utaratibu uliotokana na mapatano ya Septemba 1899.

"Wanaongoza kwa kujiua, wanaficha"

Hii husemwa kwa ushindi, kana kwamba ndiyo kete ya mwisho, nayo imepitwa na wakati kwa miongo kadhaa. Mnamo 1980 Denmark ilikuwa kweli na moja ya viwango vya juu kabisa duniani. Tangu hapo kiwango kimeshuka kwa zaidi ya nusu, hadi vifo vipatavyo 600 kwa mwaka katika watu karibu milioni 6, na sehemu ya sababu ni kliniki maalumu za kinga pamoja na udhibiti wa vitu hatari. Idadi hiyo bado ni kubwa, hesabu zake hutangazwa hadharani kila mwaka, na mtu yeyote anayelemewa, awe mgeni au mwenyeji, anaweza kumwona daktari wake wa familia bila kulipa chochote.

"Lakini ndio wa kwanza duniani"

Walikuwa wa kwanza mwaka 2012, 2013 na 2016. Mwaka 2017 ilikuwa Norway, na tangu 2018 ni Finland. Kabla hujaniuliza: Wafini nao hawasalimu kwenye basi.