"Mama arudi kijijini, kule ndo kuna afya": dhana zinazonichosha kuhusu wazee na wanakoishi

Wiki hii nimeisikia tena, mara ya tatu ndani ya siku nne. Mama wa miaka 71 kapigwa stroku (kiharusi), upande wa kulia umelegea, tuko wiki ya tatu ya mazoezi na ndo kwanza anaanza kusimama bila kushikwa, mara kijana wake ananivuta pembeni, dokta (mimi sio dokta, ni fizio, mtu wa mazoezi ya viungo, ila nishazoea) tumekaa kama familia tumeona bora mama arudi Moshi, kule hewa safi, chakula cha asili, wazee wa kule wanafika miaka 90 na wana nguvu kutuzidi sisi. Basi leo naandika yote kwa mpigo, siku nyingine nikiulizwa niwe natuma hii tu.

Tuanze na hiyo hiyo ya kijijini maana ndo inanipandisha presha mimi mwenyewe. Wale wazee wa miaka 90 unaowakuta Desemba ukienda kula sikukuu ni waliobaki. Wenzao walioanguka wakiwa na 62 huwakuti pale kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, wamezikwa kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, na kwa vile hakuna aliyewapima ilisemwa tu "alianguka ghafla" au karogwa. Huwezi kuhesabu waliobaki halafu ukasema kijiji kina afya. Na hata hao waliobaki washapimwa, wilaya ya Hai, hapo hapo Kilimanjaro, watafiti walipima wazee zaidi ya 2,000 wa kuanzia miaka 70, karibu 7 kati ya 10 wana presha. Saba jamani! Watu wa ndizi na mboga za shambani, wanaopanda na kushuka mlima tangu utoto. Na ambao presha yao ilikuwa imetulizwa na dawa walikuwa wachache mno. Kwa hiyo ukiniambia baba hajawahi kuumwa presha nitakuuliza tu alipima lini, na hapo huwa simu inakuwa kimya.

Sasa msije mkasema naichukia migomba. Ni kweli stroku mjini ni nyingi zaidi, kuna utafiti ulianza 2003 ukaenda miaka mitatu, ukahesabu stroku mpya Hai na sehemu ya Dar es Salaam, wakishasawazisha mambo ya umri Dar ikatoka na kama 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, Hai kama 109. Karibu mara tatu. Hilo nawapa wapenda kijiji bila ubishi, kukaa kwenye foleni, chipsi na chumvi vina gharama yake. Lakini hiyo ni hesabu ya nani anapata stroku. Mama yako ameshaipata! Hewa safi haimrudishii mkono. Kinachorudisha mkono na mguu ni mazoezi ya kurudia rudia kila siku miezi hii ya mwanzo, na kisichomrudisha kitandani ni dawa ya presha isiyokatika. Kijijini kwenu nani atamfanyisha mazoezi, yule binti wa miaka 14 mliyemchukua wa kazi? Dawa zikiisha anapandishwa boda, mtu ambaye upande mmoja haushiki, kwenye barabara ile, au anasubiri mpaka mtu ashuke mjini, zinapita wiki mbili hajameza kitu.

Halafu choo. Hapa ndo huwa nakasirika kabisa. Familia inapanga nauli, godoro, nani atapika uji, choo hakuna anayekiwaza. Ni cha kuchuchumaa, kiko mita 30 nyuma ya banda la ng'ombe, na kuna ngazi mbili za udongo. Mtu ambaye goti halimbebi hawezi kuchuchumaa na wala hatawaambia, wazee wetu wana aibu, atakachofanya ni kupunguza kula na kunywa ili asiende. Hapo choo kinakuwa kigumu, mkojo unachoma, mwili unaisha, analala zaidi, mgongo unatoka vidonda. Mnanipigia "dokta hali imebadilika". Wakati fundi seremala yeyote angewatengenezea kiti cha mbao kilichotobolewa katikati cha kuweka juu ya shimo, na mti wa kushikilia ukutani. Nikiulizwa kwa nini mzee wa sehemu moja anaishi na afya miaka mingi kuliko wa sehemu nyingine mimi huwa nawaza choo, maji yako mbali kiasi gani na dawa inapatikana wapi, hewa inakuja baadaye sana.

Nyingine, hii ni ya vijana waliosoma: "si wastani wa umri wa kuishi ni 67, mzee ana 70 ashavuka, dawa za nini tena." Aisee. Hiyo 67 ya WHO (Shirika la Afya Duniani) ya 2019 ni ya mtoto anayezaliwa, ndani yake mna watoto wote wanaokufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Aliyefika 60 ameshavuka huko, ana wastani wa zaidi ya miaka 15 mbele yake. Cha kuangalia ni ile namba nyingine, miaka ya kuishi na afya, kwa Tanzania ilikuwa kama 58. Ile tofauti ya miaka tisa hivi ndo maumivu yote ninayoyaona kila siku.

Arusha na Meru sasa. "Babu kapinda mgongo, uzee huo." Mara nyingine ni uzee, ila ukanda ule maji yana floraidi nyingi kutoka kwenye miamba ya volkano, WHO wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita na kuna vyanzo vya kule vinapita mbali. Kwa vijana unaiona kwenye meno ya kahawia, kwa mzee aliyeyanywa miaka 60 inaingia kwenye mifupa, shingo haigeuki, mgongo unakakamaa kama ubao. Na tafadhali msiniambie mnachemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, floraidi inabaki pale pale na maji yakipungua inakolea zaidi. Inayosaidia ni maji ya mvua, au kuchuja kwa mkaa wa mifupa kama wanavyofanya kwenye kituo cha Ngurdoto. Na punguzeni magadi kwenye maharage, nayo yana floraidi.

Macho mekundu ya bibi wa Usukumani ni moshi. Miaka 50 ya kupikia kuni na samadi ya ng'ombe kwenye jiko lisilo na dirisha. Kuna vikongwe wameuawa kwa macho hayo, wakiitwa wachawi, sina subira ya kulijadili zaidi.

"Wanawake wanaishi zaidi kwa hiyo wako fiti zaidi", hapana, wanaishi zaidi na wanaumwa zaidi, nenda Kongwa, Dodoma, uone ni akina nani wanaopofuka kwa vikope (trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukizana), wengi ni bibi waliolea watoto wenye trakoma.

Na ile ya "pesa za wazee zinaisha kwenye ugoro". Zanzibar tangu Aprili 2016 kila mkazi wa miaka 70 na zaidi analipwa pensheni, alianza na 20,000 kwa mwezi, sasa ni 50,000. Bara ya kila mzee namna hiyo hatuna. Kwa mgonjwa wangu 20,000 ni nauli ya kuja kliniki, na mzee mwenye nauli yake haombi ruhusa kwa mtu kwenda kupima.

Mkienda sikukuu bebeni kipimo cha presha, kile cha kufunga mkono wa juu sio cha kifundo, mpime wote wenye zaidi ya 50 kabla ya pombe sio baada. Yule kijana wa Moshi kanipigia jana, tiketi washakata, ni ya Ijumaa. Nimemwambia kabla sijasema lolote anitumie picha ya choo.