Leba ya Marekani bila bima: fomu ya tarehe mbili

Kwenye droo yangu kazini kuna fomu ambayo wenzangu wanaiita kwa namba, H3038, mi naiita fomu ya tarehe mbili. Ni karatasi ya kawaida kabisa, daktari anaandika dharura ilianza lini, iliisha lini, anasaini, kwisha. Ila hizo tarehe mbili ndo zinaamua kama mama aliyejifungua jana ataletewa bili ya maelfu ya dola nyumbani au bili itaenda Medicaid, ile bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, na yeye asiisikie tena maishani.

Nafanya kazi hospitali hapa Texas, kitengo cha kuhangaikia wagonjwa wasio na bima, mwaka wa tisa sasa. Na kwa vile Kiswahili changu cha Kigoma kinaelewana vizuri na cha Uvira na Bukavu, mama yeyote wa Kiswahili akifika leba wananipigia simu, awe Mkongomani, Mrundi, Mkenya, Mtanzania mwenzangu, yaani hata kama sijamaliza chai. Mi sio mwanasheria, nasema mapema, nachoandika hapa ni kile ninachokiona mezani kila siku.

Kitu cha kwanza watu wanachanganya ni hiki: kupokelewa ni kitu kimoja na kulipiwa ni kitu kingine. Ni sheria mbili tofauti, ingawa zote zilizaliwa mwaka mmoja, 1986. Ya kwanza inaitwa EMTALA, ilitoka Aprili, inasema hospitali yenye chumba cha dharura na inayopokea hela za Medicare, bima ya serikali ya wazee, lazima impime kila anayefika, na mama mwenye uchungu lazima wamhudumie, hawaruhusiwi kumchelewesha eti kwanza tuone bima. Na huo uchungu kisheria haujaisha mpaka mtoto atoke na kondo la nyuma litoke. Hicho kipengele nakipenda sana, naona kama aliyekiandika alimuuliza mkunga kwanza. Kwahiyo swali la "dada watanifukuza?" jibu ni hapana, nenda, usikae nyumbani unasikilizia mpaka chupa ipasuke ndo uanze kutafuta mtu mwenye gari.

Lakini EMTALA haina hata senti moja ndani yake. Inafungua mlango tu, bili inabaki palepale. Hapo ndo inaingia sheria ya pili, ya Oktoba mwaka uleule, hiyo ndo ilileta Medicaid ya dharura: serikali inailipa hospitali kwa ajili ya mtu ambaye kipato chake ni kidogo na anaishi kwenye jimbo, yaani angestahili Medicaid kabisa, kinachomkwamisha ni makaratasi ya uhamiaji tu. Na kwenye maana ya dharura wakaandika waziwazi kwamba uchungu na kujifungua vimo. Kwa kisu au kwa njia ya kawaida, vimo. Mwaka 1996 Congress ilipobana misaada kwa wahamiaji, hiki kipande hawakukigusa.

Ona sasa, hii sio bima ambayo unakuwa nayo mfukoni. Hakuna kadi unayotembea nayo. Ni kitu kinachoombewa tukio, tukio lenye mwanzo na mwisho, ndo maana nakwambia tarehe.

Nani anaihitaji? Wengi wanadhani ni wale wasio na karatasi peke yao. Mbona wateja wangu wengi wana karatasi nzuri tu! Kuna walioshinda lotari ya grini kadi, wanatua na familia nzima, mama ana mimba ya miezi mitano, anaenda kuomba Medicaid anaambiwa subiri miaka 5. Hiyo ndo ile sheria ya 1996. Mtu anarudi nyumbani analia, si waliniambia nina grini kadi? Kuna majimbo yameondoa hiyo kusubiri kwa wajawazito tangu yaliporuhusiwa mwaka 2009, mengine hapana, inategemea umeshukia wapi. Kuna walioomba hifadhi, kesi ipo mahakamani haijaisha. Wakimbizi waliokuja na IOM, lile shirika la kimataifa la uhamiaji, toka kambini, mfano Nyarugusu, wamekuwa wakipata Medicaid kamili bila kungoja hiyo miaka 5, lakini sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 inawatoa wakimbizi na waliopewa hifadhi kwenye orodha hiyo kuanzia Oktoba 1, 2026, mpaka wawe na grini kadi. Kwahiyo hii fomu ya tarehe mbili sasa inawahusu hata watu ambao zamani nilikuwa nawaambia nyie msiwe na wasiwasi.

Asiyehusika ni mgeni. Shangazi aliyekuja kutembea kwa visa ya utalii akajifungulia hapa, mlango wa hospitali haumfungi, ila bili ni yake, maana lazima uwe mkazi wa jimbo. Tafadhali msimfundishe kusema anaishi hapa wakati ana tiketi ya kurudi, hilo linakuja kumuumiza kesho ubalozini.

Sasa kliniki. Medicaid ya dharura yenyewe inaangalia leba, haiangalii ile miezi yote ya kupimwa presha na mkojo, na kwa kweli huo ni ujinga wa kisera, unakataa kulipia vipimo vya bei rahisi halafu unakuja kulipia kifafa cha mimba kwenye chumba cha wagonjwa mahututi. Tangu 2002 majimbo yaliruhusiwa kuuzunguka huo ujinga kwa njia ya ajabu kidogo: bima inaandikwa kwa jina la mtoto aliye tumboni, sio la mama. Mtoto hana shida ya uhamiaji, si ndio? Texas wameichukua, inaitwa CHIP Perinatal, inalipia kliniki mpaka mara 20 na mama akishajifungua anarudi kuonwa mara mbili. Unaomba kwa kupiga 2-1-1 au kwenye tovuti ya Your Texas Benefits. Kipato wanaenda mpaka kama mara mbili ya mstari wa umaskini, na wakihesabu watu wa nyumbani mimba nayo wanaihesabu, mama wa mapacha anahesabiwa watatu. Watu wengi wanajitoa wenyewe kabla hata ya kuomba kwa kudhani mshahara wa mume wa kiwanda cha kuku ni mkubwa mno. Omba kwanza, wao ndo wakukatae.

Na hapa kuna mtego. Kwa akina mama wengi wa CHIP Perinatal, leba yenyewe bado inalipwa na Medicaid ya dharura. Ndo hapo fomu yangu inarudi, hii ya kwao ina herufi P mwishoni, na inakuja kwa posta kabla siku ya kujifungua haijafika. Bahasha ya kawaida, imejaa Kiingereza na Kispanyola. Unajua bahasha za hivo zinaishia wapi kwenye apatimenti yenye watoto wanne. Nimewahi kuletewa moja imechorwa jua na nyumba upande wa nyuma kwa kalamu ya rangi, tulitoa kopi upande wa mbele na ikapita.

Kisa chenyewe kilichonifanya niandike leo. Mama mmoja wa Uvira, mtoto wa tatu, alifika na uchungu usiku wa Jumapili, mtoto alikuwa amelala vibaya, Jumatatu saa kumi alfajiri wakampeleka kisu. Akakaa wodini mpaka Alhamisi. Fomu ilijazwa na daktari aliyekuwa anamaliza shifti: ilianza Jumatatu, iliisha Jumatatu. Kwa daktari ni sawa kabisa, mtoto si alitoka Jumatatu? Miezi miwili baadaye mama anakuja na bahasha tatu ndani ya mfuko wa Walmart, Jumapili haijalipwa, Jumanne mpaka Alhamisi hazijalipwa, na bili ya mtu wa usingizi iko peke yake kwa sababu yule anatoza kupitia kampuni yake. Mume alikuwa ameshaanza kulipa dola 50 kila mwezi kwa kadi, akiamini ndo uungwana.

Ilibidi nimtafute daktari mwenyewe nikiwa na karatasi za wodi, nimwonyeshe mama aliingia saa ngapi Jumapili, joto lilipanda Jumanne, dawa za kwenye mshipa zilisimamishwa Jumatano jioni. Akasahihisha, ikaenda upya, ikalipwa. Nusu saa ya kazi! Lakini hiyo nusu saa ilichukua wiki sita kutokea, na kwa wiki sita nyumba nzima haikulala. Nawasema madaktari wetu kwa upendo, wanajua kushona tumbo kwa ustadi wa fundi cherehani, fomu wanaiona kama kero.

Kwahiyo kabla hujatoka wodini, uliza mtu wa fedha au soshowoka, yaani mtu wa ustawi wa jamii, fomu yangu ya dharura imejazwa? imeanzia siku niliyoingia? imeishia siku gani? Hata kama Kiingereza hakipandi, una haki ya mkalimani bure, wasimtumie mtoto wako wa darasa la tano kukutafsiria mambo ya kizazi. Mkalimani wa simu wakikuletea anayeongea Kiswahili cha mbali na chako mwambie nesi sielewi, wabadilishe. Nimeshuhudia mama wa Kivu Kusini anaulizwa "una mzio wowote?" anajibu ndio, mizigo yangu iko nje kwa gari.

Kama ulishatoka bila kuomba chochote, bado. Ombi linaweza kurudi nyuma mpaka miezi 3, ingawa kuanzia Januari 2027 hiyo nayo inapunguzwa, kwa wajawazito itakuwa 2. Usiikalie bili.

Tuje kwenye woga, maana najua ndo unawafanya wengi wasome mpaka hapa bila kupiga simu. Tangu Novemba 1, 2024 hospitali za Texas zimeamriwa na gavana kuuliza mgonjwa kama yuko nchini kihalali. Utaulizwa. Nesi anatakiwa akwambie hapohapo kwamba jibu halibadilishi matibabu yako, na unaweza kusema sipendi kujibu, wanatiki kisanduku hicho, maisha yanaendelea. Kudanganya ndo usidanganye. Kuhusu namba ya Social Security, anayeomba ya dharura peke yake halazimiki kuwa nayo.

Halafu lile la "nikipokea msaada nitanyimwa grini kadi". Wakimbizi na waliopewa hifadhi, hilo haliwahusu kisheria, futeni kichwani. Kwa wengine, hata ile kanuni kali ya 2019, ambayo ilishafutwa, iliiacha Medicaid ya dharura nje ya hesabu, na ya mjamzito pia. Ila sitaki kuwauzia maneno matamu: mwaka 2025 serikali kuu iliwapa watu wa uhamiaji taarifa za waliojiandikisha Medicaid, majimbo kadhaa yakaenda mahakamani kupinga, na mabishano yakaendelea. Mtu asiye na karatasi kabisa akiniuliza nifanyeje, namwambia ongea kwanza na shirika la msaada wa sheria, wengi wanasikiliza bure, halafu uamue mwenyewe kuhusu fomu. Kuhusu kwenda kujifungulia hospitali hapo sina mjadala na mtu.

Ukiamua hutaki Medicaid, au umekataliwa, hospitali zisizo za faida zinalazimishwa na sheria kuwa na mpango wao wa kupunguza au kufuta bili kwa wenye kipato kidogo. Haziutangazi kwa spika. Una siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya kutoka, omba fomu ya msaada wa kifedha, peleka stabu za mshahara, zile karatasi za malipo. Na ukishaanza kulipa kwa kadi ya mkopo ya benki unakuwa umehamisha deni toka kwa mtu wa kupatana naye kwenda kwa mwenye riba, ndo kosa la yule baba wa dola 50.

Mtoto ni habari nyingine na ni nzuri. Leba ikilipwa na Medicaid, hata ya dharura, mtoto anaingia Medicaid mwenyewe papo hapo mpaka atimize mwaka, bila ombi jipya. Tatizo ni majina. Wenzetu wa Kongo mtoto anapewa jina lake kamili lisilofanana na la baba wala la mama, kompyuta inashindwa kumfunga kwa mama yake, kadi inapotelea hewani. Siku ya kujaza cheti cha kuzaliwa hakikisha jina la mama limeandikwa herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye ombi lake, hata kama kwenye karatasi za IOM walilikosea. Kosa likiwa lilelile kila mahali, kadi inafika.

Yule mama wa Uvira amejifungua tena Februari hii, wa nne, njia ya kawaida, saa tano tu za uchungu. Nilipanda wodini na fomu yangu mkononi nikakuta ameshamshika daktari, kanyoosha kidole kwenye kisanduku cha pili, anamwambia kwa Kiingereza chake, "Hapa. Siku natoka. Siyo siku mtoto natoka." Daktari ananiangalia mimi. Nikamwambia andika anavyosema.